Kimfuko cha Uzi Mwekundu

Nyumbani, Vwawa,
Jumamosi mchana.

Mwanangu Atuganile,

Mwanakondoo ameshinda. Najua huko bondeni umeiitikia salamu ya kanisa letu, tumfuate, hata kama uko jikoni peke yako na moshi unakutoa machozi. Mimi mama yako niko hai, natembea, nakula kidogo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, karatasi nimeiweka juu ya ungo, na kalamu nimeiazima kwa Brayan, ina wino wa kijani, usinicheke.

Baba yako Asajile anakusalimu sana. Goti lake linamsumbua asubuhi, likishapata jua analisahau na kwenda kupogoa mibuni, akirudi jioni ananiuliza goti limepatwa na nini. Kaka yako Shadrack anakusalimu, bodaboda yake imepona. Mkewe Jenista anakusalimu, anasema kile kitenge ulichomwahidi bado anakiota. Brayan wao anakusalimu, ameng'oka meno ya mbele, akisoma kwa sauti ni kama mtu anapuliza moto. Shangazi yako Rozi anakusalimu, macho yake yanazidi kufifia lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Ng'ombe wetu mwekundu naye amezaa ndama jike, na baba yako amempa jina lako kabla hatujamkataza.

Na sisi tunauliza hali zenu. Mkwe wangu Ngassa hajambo? Kile kikohozi kilimwacha? Ng'ombe wanapata maji karibu au bado mnayafuata mbali? Na wewe mwenyewe unalala? Unakula umekaa chini, au unakula umesimama kama ulivyozoea? Mama mkwe wako, mama Ngassa, simuulizi hali, maana yeye nimemwona kwa macho yangu wiki hii, na habari yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Juzi Alhamisi nilikupigia simu. Nilikuwa na neno la kukuambia, nimelipanga tangu alfajiri. Ukapokea unacheka. Ukaniambia Ngassa amepata malisho upande wa Rukwa, kwamba mtahama kabla mvua hazijaanza, na kwamba kwanza utapanda huku utusalimie na uchukue kile kimfuko chako ulichoniachia. Nikakujibu karibu mwanangu. Halafu nikasema simu inazima, chaji imeisha. Chaji haikuwa imeisha. Nilikata simu nikakaa chini pale pale kwenye mlango wa stoo.

Kimfuko hakipo, Atuganile.

Nilipoandika mstari huo niliinuka nikaenda kuchochea maharage ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Nimerudi, mstari bado upo. Basi acha nikueleze kuanzia mwanzo, polepole, ili ukifika kwenye kosa langu ujue nilipitia njia gani, si kwa kujitetea, bali kwa sababu nisipolieleza lote nitaishia kulipunguza.

Mwezi uliopita mchungaji alitangaza kwamba kanisa letu litapata wikiendi ya uamsho, na kwamba wa kuiongoza hatakuwa yeye wala mchungaji mwingine yeyote. Watakuja walei kutoka Tunduma, waumini tu kama sisi, watu wa kazi zao, na yeye mwenyewe atakaa kwenye benchi asikilize. Watu walinong'ona. Baba yako alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwa kwaya kwamba sasa tutahubiriwa na watu wa kuvusha magari. Lakini tulijiandaa. Tulipiga deki kanisa, tukapaka chokaa mawe ya njiani, matarumbeta yakaombwa kutoka Mbozi Mission, na mimi nikapewa jiko, maana unajua idara ya wanawake wakitaka chakula kisiungue wananitazama mimi.

Wageni waligawiwa kwenye nyumba zetu. Mimi niliomba nipewe kiongozi wao, yule Rabson, nikatandika na shuka jipya. Akapelekwa kwa mzee Jonasi. Mimi nikaletewa mama mmoja mwembamba anaitwa Ruti, anauza mitumba pale mpakani. Nilinuna kidogo, nakwambia ukweli. Lakini kabla chai haijachemka alikuwa ameshavua viatu na kuanza kumenya ndizi, na nilipomwambia mgeni hamenyi ndizi, alisema basi amekwisha kuwa mwenyeji, nimpe kisu kingine, hiki hakikati hata hasira.

Nilimlaza chumbani kwako. Alipoiona ile picha ya ukutani, ile umekaa nje ya nyumba yenu na mtoto mapajani, aliniuliza mtoto ni nani. Nilimwambia ni mjukuu, ametangulia. Akasema pole mama, aliitwa nani? Nikamwambia hayo tulishayaacha, tunamshukuru Mungu, njoo unywe chai. Akanitazama. Hakuuliza tena.

Ijumaa walianza. Rabson alisimama mbele akasema yeye si mchungaji, yeye anaziba pancha pale mpakani, na kwamba katika kazi yake amejifunza kwamba tairi haisemi palipotoboka, lazima uizamishe kwenye maji utazame mapovu yanatokea wapi. Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Alieleza alivyokuwa akimpiga mke wake, na mke wake alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi la mbele. Kulikuwa na mwingine kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanamwita ba Felix, yeye anatusalimu kwa Kibemba mwapoleni mukwai kila anapoamka kusema neno, na baba yako anamjibu kwa Kinyiha kwa sauti kubwa, na wakaelewana hivyo hivyo hadi wanaagana.

Jumamosi tulikaa kwenye vikundi vidogo uwanjani, viti vimezungushwa, kila mtu aseme linalomlemea. Zamu yangu ilipofika nilisema nina binti bondeni ambaye tangu mtoto wake afariki hajashika mimba tena. Sikusema jina lako, lakini nani hapa hajui nina binti mmoja? Shangazi yako Rozi, ambaye alikuwa kwenye kikundi hicho hicho, akasema hao wafugaji wana mambo yao, na kwamba mtoto wa watu akiolewa huko chini asishangae tumbo likifungwa. Ruti alimwambia kwa upole kwamba hapa tunasema ya kwetu. Lakini mimi nilikuwa nimeshalibeba. Na nisimtupie Rozi mzigo. Yeye alilisema tu kwa mdomo, mimi nilikuwa nalo moyoni tangu siku Ngassa alipokuja hapa kuposa na fimbo yake mkononi, nikamkaribisha kwa meno tu.

Mchana ule Rabson akatupa kazi ya kurudi nayo nyumbani. Alisema kesho Jumapili kila anayetaka aje na kitu kimoja kinachomfunga, akiweke juu ya meza mbele ya kanisa, na baada ya ibada vitu hivyo vitachomwa au kuvunjwa. Na akasema hivi, mwanangu, namkumbuka alivyosimama, mkono mmoja kiunoni: kila mtu alete cha kwake. Usilete cha mumeo, usilete cha jirani, usilete cha mwanao. Cha mtu mwingine mwachie mwenyewe.

Nilikwenda nyumbani nikajipekua. Jenista alikuwa ameshachagua chake, kopo la krimu ya kujichubua. Shadrack alikuwa anakusanya mikeka yake ya kubeti, baba yako akamwambia peleka mikeka lakini acha ile ya kulalia. Mimi sikuona changu. Sinywi, sivuti, siendi kwa waganga. Mkuu wa jiko, mwenyeji wa mgeni, nitapita vipi mbele mikono mitupu? Nikafungua sanduku langu la bati nikidhani labda nitaona kitu, na chini ya vitenge nikakiona kimfuko chako.

Nakumbuka siku uliyoniachia. Ulinipa mkononi, ukaniambia mama nitunzie hiki mahali pakavu, usikifungue, nitakuja kukichukua. Hukuniambia kina nini na mimi sikuuliza. Nilikitazama siku ile nikakiweka. Lakini Jumamosi nilikitazama kwa macho mengine. Kitambaa cheupe, mdomo umeshonwa kwa uzi mwekundu mnene, mshono juu ya mshono. Nani anashona hivyo kama si mganga? Nikachukua wembe.

Nilitoa nywele laini, zimefungwa kwa uzi. Nikatoa shanga nyeusi na nyeupe, zimepangwa moja moja. Na chini kabisa kulikuwa na udongo mkavu kwenye kipande cha nailoni. Nywele, shanga na udongo. Nikasema ndiyo haya. Nikasema mama Ngassa amemfunga mwanangu, na akampa mwanangu mwenyewe alete kifungo kukificha nyumbani kwangu, chini ya vitenge vyangu. Nililia kwa hasira. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni, imejaa chaji. Sikukupigia. Ningekupigia ungesema neno moja tu na yote yangekwisha, na nadhani ndiyo maana sikukupigia, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua na sikutaka kuamuliwa.

Ruti alinikuta nakirudishia mdomo kwa pini. Aliuliza kama hicho ndicho cha kesho. Nikasema ndicho. Akauliza ni cha nani. Nikasema cha nani tena, kiko kwenye sanduku la nani? Akasema sawa mama, kama ni chako.

Jumapili meza ilijaa. Mzee Jonasi alileta chupa yake ya pombe kali ya ng'ambo ya mpaka, bado ina nusu, akaisindikiza kwa macho mpaka ilipotua. Mwingine akaleta simu, lakini tukamwona ametoa laini kwanza, kanisa likaangua kicheko. Jenista akaweka kopo lake, akarudi anajifunika uso. Zamu yangu ikafika. Nilivaa lile gauni la zambarau. Rabson alikuwa amesimama kando ya meza, anampokea kila mtu kwa mikono miwili, na anamuuliza kila mmoja neno moja tu, ni chako? Na mimi akaniuliza. Mama, ni chako?

Nikasema ni changu.

Pale mbele ya meza ya Bwana, Atuganile, na kipaza sauti kikiwa karibu. Akaniuliza ni nini. Nikasema ni vitu vya giza ambavyo nimevificha kwa muda mrefu na leo nimechoka navyo. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Kanisa zima lilisimama. Vigelegele, matarumbeta, wanawake wa idara wakanikumbatia wakilia, mchungaji akashika kichwa changu akaomba. Na mimi nililia pia, na yalikuwa machozi ya kweli, hilo ndilo linaloniogopesha. Baada ya ibada tukaenda nyuma ya kanisa kwenye shimo, moto ukawashwa, upepo wa msimu huu unaujua, haukuchukua muda. Nilikiangalia kimfuko mpaka kilipojikunja.

Siku ile nilikula vizuri. Nikalala kama mtoto. Siku ya pili nikamfungia Ruti mahindi na parachichi, nikamwambia asikose kusema huko Tunduma jinsi Mungu alivyofanya. Nilitembea kijijini kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatano mama Ngassa akabisha hodi.

Alikuwa amepanda kwenye lori la Ayoub, mtoto wa dada yake, wameleta mchele kuuza Vwawa. Amenibebea mchele na samli, ametembea kutoka barabarani na mzigo kichwani. Nilimkaribisha, nikampa chai, na nilimpa kwa moyo wa mtu ambaye ameshinda na anataka aliyeshindwa ajue. Nikamwambia, mama Ngassa, huku kwetu moto umewaka, yale mambo yaliyoletwa hapa yakafichwa kwenye sanduku langu tumeyachoma mbele ya kanisa, na kama nyumbani kwako yamebaki mengine uyatoe, mwanangu apate kuzaa.

Aliweka kikombe chini. Aliniuliza mambo gani, mama Shadrack. Nikamwambia kimfuko. Akauliza ulikifungua? Nikamwambia nilikifungua, nikamtajia vilivyokuwemo, kimoja kimoja, kama hakimu. Akainamisha uso. Nilidhani ni aibu. Halafu akaanza kusema, kwa Kiswahili chake kile chenye Kisukuma ndani, na hakupandisha sauti hata kidogo. Laiti angepandisha.

Alisema shanga zile alizitunga yeye, mtoto alipoanza kukaa, kwa sababu bibi hutungia mjukuu shanga za kiunoni, na hazikuwa na kitu kingine zaidi ya kupendeza. Nywele alizikata yeye asubuhi ya mazishi, kabla ya kumfunika, kwa sababu ulimwomba wewe, ulisema nikatie mama nisije nikasahau zilivyokuwa. Udongo ni wa kaburini. Uliuchukua kwa mkono wako uliposikia wanaume wanaanza kuzungumza habari za kuhama, kwa sababu ng'ombe hawakai mahali kwa ajili ya kaburi, na ulitaka ukienda huko mbali uwe naye kidogo. Na uzi mwekundu, nilimuuliza hata huo, nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea, akaniambia ni uzi wa kushonea magunia ya mpunga, ndio uliokuwepo nyumbani.

Nikamuuliza kwa nini basi mwanangu hakuniambia kina nini. Mimi ni mama yake. Angeniambia ningekitunza kama mboni ya jicho.

Akanitazama kama mtu anayepima kama aseme. Kisha akasema, alisema mama yake alimkataza kulia.

Mwanangu, nilikaa chini. Nilikumbuka yote mara moja. Mvua zilikuwa zimekata barabara ya Chitete ya kushuka kwenu, nikafika mmeshazika. Nikakukuta kwenye mkeka, na kitu cha kwanza nilichosema, kabla hata sijatua mkoba, nilisema futa uso, wewe bado binti, Mungu atakupa mwingine, usiite machozi ndani ya nyumba. Kaburini nilisimama kidogo nikarudi. Na kabla sijaondoka nikawaambia majirani zenu waache kukuita mama Edina, wakuite kwa jina lako, ili usikumbushwe. Mtoto alikuwa na jina langu, na mimi ndiye niliyelifuta. Nilidhani nakusaidia. Basi ulipotaka kumkumbuka mtoto wako ilibidi ushone mdomo wa mfuko mara mbili na uuache chini ya vitenge vya mama yako bila kumwambia.

Mama Ngassa hakunitukana. Aliomba nimwonyeshe shimo. Tukatoka, mimi na chekecheo la unga, yeye ameinua kanga yake kiunoni, tukapiga magoti nyuma ya kanisa mchana kweupe, watu wanapita wanatusalimu, wengine wakidhani tunaendelea na uamsho. Nywele hazipo, mwanangu. Hazipo kabisa, sitakudanganya. Shanga tumezipata baadhi, nyingine zimepasuka kwa moto, nyeupe zimekuwa nyeusi. Udongo hauungui, lakini umechanganyika na majivu ya mikeka ya Shadrack na vitu vya watu wote, hatukuweza kuutenganisha. Nilichota pale kimfuko kilipoangukia, nikachota mwingi, nikauweka kwenye bakuli langu la harusi lenye mfuniko. Nilimpa mama Ngassa abebe akuletee. Alikataa. Alisema, wewe uliyechoma ndiye utakayempa, na mimi sitamwambia neno, utamwambia mwenyewe. Halafu akachukua chekecheo mikononi mwangu akanikung'utia majivu kwenye gauni, kama unavyomkung'uta mtoto. Hapo ndipo nililia.

Jana Ruti akapiga simu. Alifurahi, akaniambia wako kwenye kanisa lingine sasa, na Rabson amewasimulia habari ya mama wa Vwawa aliyeleta shanga zake mezani, na watu wengi wameinuka. Nikamwambia Ruti, mwambie Rabson aache. Mwambie zile shanga hazikuwa zangu. Kisha akaniuliza lile swali alilouliza chumbani kwako na mimi nikamletea habari za chai. Akauliza, aliitwa nani? Nikamwambia, aliitwa Edina. Akasema asante mama, Rabson nitamwambia. Na kesho Jumapili, baada ya matangazo, nitasimama mimi mwenyewe nilipodanganyia na kuwaambia watu wale wale, hata kama shangazi yako Rozi atapata cha kusema hadi Krismasi. Mchungaji nimeshamwambia. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo hulijui, wala Shadrack halijui. Kati yake na wewe nilizaa mtoto mwingine wa kiume. Aliishi mpaka akajua kunicheka. Alipokufa mama yangu aliniambia futa uso, utapata mwingine, na nikafuta, na nikakupata wewe, na nikadhani basi dawa imefanya kazi. Sikubaki na hata uzi wake. Baba yako na mimi hatujawahi kumtaja. Aliitwa Lusekelo. Nimeliandika hapa jina lake kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nimeona mkono wangu unavyolichora vibaya. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu Rabson alisema tulete cha kwetu, na mimi nilijiambia sina, nikaleta chako.

Sasa naomba, na una haki ya kukataa. Usipande huku ukitarajia kimfuko halafu ukute bakuli. Kama hutaki kuniona kabla hamjahama, mwambie Ayoub nikabidhi bakuli kwake, nitalifunga vizuri, sitauliza zaidi, na nitabaki nakuombea huko Rukwa. Lakini kama moyo wako utakubali, niruhusu nije mimi. Nitapanda hilo hilo lori la mchele, hata juu ya magunia. Unipeleke kaburini, nikae safari hii, nisisimame na mkoba begani. Ukae ulie unavyotaka wewe, mpaka utakapochoka wewe, na mimi nitachota udongo mwingine kwa mikono yangu. Sindano nitakuja nayo. Uzi nitautumia ule ule wenu wa magunia, ule mwekundu. Utanielekeza jinsi ya kushona.

Baba yako ameniona naandika tangu asubuhi, ameniuliza kama naandika Biblia. Nimemwambia naandika kwa Atuganile. Amesema nikuandikie kwamba anamkumbuka mjukuu wake alivyokuwa akimvuta ndevu. Hajawahi kulisema hilo. Nimeliandika kama alivyolisema.

Msalimu sana Ngassa, na umwambie mkwe wake anamwomba radhi kwa mengi asiyoyajua. Mama Ngassa msalimu pia, ingawa barua hii anakuja nayo yeye, lori la Ayoub likishuka, amekubali kuibeba, ataifunga kwenye pindo la kanga. Ayoub anarudi huku na mzigo mwingine kabla ya wiki ijayo kwisha. Usimwache arudi bila neno lako, hata kama ni moja, hata kama ni chungu. Nitakuwa barabarani nalisubiri lori lipite.

Ni mimi mama yako, bibi yake,
Edina.

Nijibu upesi, mama Edina.